Baiskeli ya Bei Nafuu Haihitaji Springi

Miongoni mwa kauli zinazosikika katika maduka ya baiskeli ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, na ambazo wazazi huzibeba hadi majumbani kana kwamba ni ushauri wa kitaalamu, hakuna inayowaumiza wanunuzi wa kipato kidogo kuliko ile inayodai kwamba baiskeli ya mlimani iliyo bora ni yenye springi mbele na nyuma, gia ishirini na moja na breki za diski. Baiskeli ya mlimani ni ile yenye matairi mapana yenye meno, usukani ulionyooka na fremu iliyokusudiwa kuhimili njia zisizo na lami, na hakuna popote katika maana hiyo panapotajwa springi. Kauli hiyo ni ya uongo kwa mtu mwenye laki tatu au nne mfukoni, na ubaya wake ni kwamba inamwelekeza mtu huyo moja kwa moja kwenye baiskeli iliyo dhaifu kuliko zote zilizopangwa dukani.

Sababu yake ni ya hesabu tu, nayo inastahili kurudiwa hadi ieleweke. Bei ikiwa ileile, kila kifaa kinachoongezwa kwenye baiskeli kimelipiwa kwa fedha iliyopunguzwa kwenye kifaa kingine, kwa kuwa kiwanda hakitoi sadaka, wala muagizaji, wala mwenye duka. Baiskeli hubebwa na fremu, habu ambazo ndizo vitovu vya magurudumu, ekseli zinazopita ndani ya habu hizo, gololi zinazozizungusha, spoku, ringi, na beringi zilizo katikati ya pedali. Hivi ndivyo vifaa vinavyobeba uzito wa mwendeshaji na mzigo wake, na kwa bahati mbaya ndivyo visivyoonekana kwa mteja aliyesimama mlangoni. Springi na diski huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na kwa hiyo kiwanda kinachotengeneza baiskeli ya bei ya chini huweka fedha kwenye kinachoonekana na kuiondoa kwenye kinachobeba.

Yafaa kuitazama kwa karibu springi yenyewe. Mteja anapofika dukani huonyeshwa namna ya kukandamiza usukani kwa mikono miwili, uma wa mbele, yaani ile mikono miwili inayoshika gurudumu, ukashuka na kupanda, naye akaridhika kwamba ameona shokapu ikifanya kazi. Alichokiona ni chuma kilichosokotwa ndani ya bomba, kikikandamizwa na kurudi. Shokapu ya kweli ina sehemu mbili: springi, iwe ya chuma au ya hewa iliyoshindiliwa, na mfumo wa mafuta yanayopitishwa kwenye vitundu vyembamba ili springi isirudi kwa kishindo bali irudi polepole. Bila mafuta hayo springi humrusha mwendeshaji juu kila anapovuka shimo, na anapopanda mlima akiwa amesimama juu ya pedali hula nguvu za miguu yake kwa kushuka na kupanda bure. Uma wa kwanza wa aina hii kuuzwa kwa wingi, RS-1 wa kampuni ya RockShox uliotoka mwaka 1989, ulitumia hewa na mafuta tangu siku ya kwanza, kwa sababu waliouunda walijua kwamba springi peke yake haitoshi. Uma unaowekwa kwenye baiskeli za bei ya chini hauna tone la mafuta. Ndani yake mna springi, pete za plastiki na grisi kidogo, na vumbi la msimu mmoja wa kiangazi likishapenya kwenye mpira wa juu, plastiki huliwa, mikono miwili huanza kucheza mbele na nyuma, na hakuna fundi mwenye kipuri chake kwa kuwa kipuri hicho hakiagizwi.

Springi ya nyuma ni mbaya zaidi, maana ili kuiweka, fremu hukatwa vipande viwili na kuunganishwa kwa kiungo chenye bushi, yaani bomba dogo linalokaa kati ya chuma na chuma. Bushi hiyo ikilika, sehemu yote ya nyuma hupinda upande huku na huku mwendeshaji anapokanyaga, mnyororo huruka, na gurudumu hugusa breki. Fremu ambayo ilipaswa kuwa sehemu ya kudumu kuliko zote sasa ndiyo ya kwanza kufa, na yote hayo kwa ajili ya kifaa kinachoongeza kilo kadhaa kwenye baiskeli ambayo tayari ni nzito.

Wanaotetea springi husahau, au hawakuwahi kuambiwa, kwamba baiskeli ya mlimani ilizaliwa bila hiyo. Tarehe 21 Oktoba 1976 vijana wa kaunti ya Marin, California, walishindana kwa mara ya kwanza kuteremka njia ya vumbi yenye mteremko mkali karibu na mji wa Fairfax, wakitumia baiskeli kuukuu za Schwinn zenye matairi mapana na breki iliyo ndani ya habu ya nyuma, inayoshika mtu anapokanyaga pedali kinyumenyume. Breki hizo zilipata moto kiasi kwamba grisi iliungua ikatoka moshi, na baada ya kila mteremko habu ilibidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Ndiyo maana njia hiyo ikaitwa Repack. Miaka mitano baadaye, mwaka 1981, Specialized iliingiza sokoni Stumpjumper, baiskeli ya kwanza ya mlimani kutengenezwa kwa wingi kiwandani. Ilikuwa na fremu ya chuma, gia kumi na tano, uma usio na springi yoyote, na bei ya dola 750, ambazo kwa wakati huo hazikuwa fedha ndogo. Walioteremka milima ile kwa mwendo wa kutisha walitegemea matairi mapana, magurudumu imara na magoti yaliyokunjwa. Mtu anayekwenda shambani Lushoto au sokoni Mbeya hana sababu ya kuambiwa kwamba mwili wake hauwezi bila springi kile walichokiweza wao.

Hapo hutolewa hoja ya barabara mbovu, kwamba njia za Afrika Mashariki zina mashimo na mawe, hivyo springi ni lazima. Hoja hii huvunjwa na wenye springi wenyewe. F. K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, kampuni ya Marekani ambayo tangu mwaka 2002 ndiyo inayomiliki RockShox, alishiriki mwaka 2005 kuanzisha World Bicycle Relief, shirika linalosambaza baiskeli za Buffalo kwa wanafunzi, wakulima na wahudumu wa afya katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Watu hao wana uwezo wa kupata shokapu bora kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Walipokaa kuunda baiskeli ya vijijini, walichagua fremu nzito ya chuma, keria ya kubeba kilo 100, gia moja na breki ya ndani ya habu ya nyuma. Springi hawakuweka hata moja. Tom Ritchey naye, aliyeunda fremu za baiskeli za mlimani tangu miaka ya 1970 na ambaye mwaka 1979 alishirikiana na Gary Fisher na Charlie Kelly katika kampuni ya kwanza ya kuziuza, alipozuru Rwanda mwaka 2005 na kuona wakulima wa kahawa wakisukuma mizigo milimani, aliwaundia baiskeli ndefu ya mizigo yenye gia chache kwa ajili ya vilima, na uma mgumu wa chuma. Ikiwa wakuu wa kazi hii wote waliiacha springi walipozifikiria njia za Afrika, muuza duka anayesema springi ni lazima anapaswa kueleza amejifunza wapi yale ambayo wao hawayajui.

Utetezi mwingine, ambao hauna uzito hata kidogo lakini ndio unaopendwa zaidi, ni kwamba washindani wa Olimpiki nao hutumia springi. Ni kweli kwamba mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na kwamba baiskeli za washindani wa leo zina shokapu. Ni kweli pia kwamba baiskeli moja ya aina hiyo inauzwa kwa bei ya kununulia pikipiki kadhaa, na huhudumiwa na fundi wake. Kusema kwamba baiskeli ya laki tatu ni ya jamii hiyo kwa sababu nayo ina springi ni sawa na kudai kwamba mtumbwi uliochorwa tanga ubavuni utakwenda kwa upepo.

Gia ishirini na moja nazo ni hesabu ya kumpumbaza mteja. Idadi hiyo hupatikana kwa kuzidisha magurudumu matatu ya meno yaliyo mbele na saba yaliyo nyuma, lakini mengi ya mazao hayo ni kitu kilekile. Kwenye mpangilio wa kawaida, ambao mbele una meno 42, 34 na 24, na nyuma kuanzia 14 hadi 28, meno 42 yakikutana na 24 gurudumu la nyuma huzunguka mara 1.75 kwa kila mzunguko wa pedali, 34 yakikutana na 20 huzunguka mara 1.70, na 24 yakikutana na 14 mara 1.71. Mguu wa binadamu hauwezi kutofautisha hizo tatu, ilhali dukani zimehesabiwa kuwa gia tatu. Zaidi ya hayo, kwenye baiskeli za bei ya chini magurudumu saba ya meno ya nyuma hukaa juu ya fraiwili ya kuzungushia kwenye nyuzi za habu, na kadiri fraiwili inavyokuwa pana ndivyo gololi za upande wa mnyororo zinavyosogea mbali na mahali ekseli inaposhikwa na fremu. Ekseli inayobaki bila egemeo hupinda, kisha hukatika, hasa mtu wa pili anapopanda kwenye keria. Waendesha baiskeli wa Shinyanga wanaobeba abiria mchana kutwa wanatumia baiskeli ngumu za gia moja, za Phoenix na Hero, na ujuzi wao haukutoka kwenye matangazo.

Kuhusu breki za diski maneno machache yatatosha. Diski nzuri hushika vizuri, lakini diski ya bei ya chini ni bati jembamba linalopinda baiskeli ikiangushwa mara moja, na vipande vyake vya kusuguana havipatikani kwa fundi wa kijiweni, wakati mpira wa breki ya ringi unapatikana kwa kila fundi aliyeketi chini ya mwembe.

Madhara ya imani hii huongezeka kwa sababu mnunuzi hana wa kumtetea. Risiti ya duka imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na baiskeli yenyewe mara nyingi imefungwa haraka na kijana anayelipwa kwa idadi, kiasi kwamba si ajabu kuikuta imetundikwa dukani huku uma wake umefungwa kinyume, breki zikiwa zimeelekea nyuma. Nchini Marekani kwenyewe, mnamo mwanzo wa mwaka 2022, mafundi wa karakana za kijamii walichoshwa na baiskeli za maduka makubwa zisizotengenezeka, wakatoa ombi la hadhara wakitaka viwanda viache kuunda baiskeli zinazokusudiwa kuharibika. Mafundi wa Tanzania na Kenya, wanaoziona baiskeli hizo kila siku, wana haki ya kusikilizwa vivyo hivyo, na badala yake hulaumiwa kwamba hawajui kutengeneza.

Mwenye fedha kidogo basi aanze kwa kuuliza baiskeli yenye uma mgumu na fremu ya chuma ya kipande kimoja, kwa kuwa chuma kikipasuka huchomelewa na mchomeleaji yeyote wa mtaani, ilhali alumini huhitaji mashine na ujuzi ambao hauko katika kila mji. Aiinue nyuma, alizungushe gurudumu na kuitazama ringi inavyopita kati ya mipira ya breki: ikicheza kushoto na kulia, spoku hazikukazwa sawasawa. Alishike tairi na kulisukuma kwa upande. Likigonga, habu imelegea au imekwisha. Azihesabu spoku, na zikiwa 36 azipendelee kuliko 32. Akiambiwa kwamba baiskeli ngumu za watu wazima zimekwisha, kama inavyosemwa mara nyingi kwa kuwa waagizaji huleta kinachoulizwa, achukue yenye springi ya mbele tu, na ya nyuma aikatae hata akipunguziwa bei. Fedha itakayobaki aipeleke kwa fundi kabla baiskeli haijaendeshwa hata siku moja, habu zote mbili na beringi za katikati zifunguliwe na kujazwa grisi, maana kiwandani huwekwa kidogo mno, kisha spoku zikazwe moja baada ya nyingine hadi zile za upande mmoja wa gurudumu zitoe mlio mmoja zikigongwa kwa kucha.