Lami Yetu Iko Tumboni mwa Mbuzi

Wasee wa Garissa, tuambiane ukweli. Pita pale taka zinapomwagwa uone mbuzi wakitafuna nailoni. Mbuzi akichinjwa, tumboni linatoka furushi la plastiki. Huyo ndiye angelipa karo ya mtu. Mifuko ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini pakiti za mkate na za maziwa bado zimejaa.

Sasa angalia barabara: mashimo, viraka, mashimo tena.

Huko India, Profesa Rajagopalan Vasudevan wa chuo cha Thiagarajar, mjini Madurai, aliunganisha shida hizi mbili. Plastiki safi inakatwa vipande vidogo, inamwagwa juu ya kokoto zenye joto la digrii kama 160. Inayeyuka na kuzivaa kokoto kama ngozi, halafu ndio lami inachanganywa. Maji hayapenyi kirahisi, na lami inayohitajika inapungua. Mwaka 2015 serikali yao iliagiza taka za plastiki zitumike kwa barabara za lami karibu na miji mikubwa.

Najua mtaniambia, "Wewe uliacha chuo, utatufunza barabara?" Buda, Vasudevan mwenyewe ni mtu wa kemia, si injinia wa barabara.

Na sisemi ni muujiza. Plastiki ya mabomba, PVC, haifai kabisa, ikichomeka inatoa gesi ya sumu. Barabara bila mitaro nayo itabebwa tu. Mafuriko ya 2023 na 2024 yalitufunza hapo Madogo.

Ndio maana naomba kilomita moja tu. Kilomita moja mjini, yenye mitaro, kando yake kilomita ya lami ya kawaida. Zipimwe misimu kadhaa ya mvua: ipi imepasuka, ipi inamwaga vumbi la plastiki. Ikifeli, tuambiwe imefeli. Na vijana wanaookota plastiki walipwe kwa kilo, si kwa ahadi.

Sheria ya taka ya 2022 tayari inazitaka kaunti ziweke mahali pa kutenganisha taka. Kwetu kunatenganishwa na mbuzi.

Kwa hivyo 2027 mtu akija kuomba kura, usimuulize ataleta lami lini. Hilo ana jibu tayari. Muulize kilomita yetu ya majaribio iko wapi.