Ubapa Wenye Sababu

Wanaoandika kwamba magari ya michezo ya kujiundia ni mabaya kwa kuwa waundaji hawana jicho la sanaa wamebisha hodi nyumba siyo. Gari la kujiundia la Lotus Seven la 1957, kazi ya Colin Chapman, ina mbavu bapa kwa sababu bati bapa la alumini halihitaji mashine ghali ya kulifinyanga. Kampuni ya Caterham inaliunda tangu 1973, na wateja bado wapo.

Anayejiundia gari Rågsved, kusini mwa Stockholm, ana bwana mwingine wa kumridhisha: SFRO, shirika la wanaojiundia magari la Uswidi, hukagua usalama wa gari hilo. Pua kupendeza si hoja.

Nakala za gari la AC Cobra zenye mabomba ya moshi ya urembo tu? Hizo zichekwe, tena kwa sauti. Ila kosa lake ni uigaji. Viwanda vikubwa navyo huiga.