Muziki wa Nini Tumboni?

Ndugu msomaji, umeingia mtindo majumbani mwetu: mke akishika mimba, mume hununua hedifoni, zikawekwa tumboni, mtoto apigiwe muziki wa Mozart ili azaliwe na akili. Ukiuliza dalili, huambiwa, "Wataalamu wamesema."

Wataalamu gani? Chanzo cha habari hii ni Chuo Kikuu cha California, Irvine, mwaka 1993. Waliosikilizishwa ni wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, kwa dakika 10. Wakafanya vizuri zaidi katika mtihani wa maumbo, na faida yenyewe ikatoweka kabla ya robo saa kwisha. Hapakuwa na mimba hapo! Lakini habari ikakuzwa, hata mwaka 1998 gavana wa Georgia, Marekani, akaomba fedha za serikali ili kila mtoto azaliwaye apewe muziki huo. Nasi tukameza bila kutafuna.

Hukumu ya ala za muziki wanazuoni wameieleza, leo siirudii. Nauliza hili: mtoto tumboni husikia nini? Maana kusikia husikia, tangu kiasi cha mwezi wa sita. Na Mola Mtukufu katika Suratun Nahl, aya ya 78, amekutaja kusikia kabla ya kuona. Sauti imfikiayo kuliko zote ni ya mamake, kwani humjia kwa nje na kwa ndani ya mwili. Mwaka 1980 DeCasper na Fifer walionyesha kuwa watoto wasiotimiza siku 3 hubadili namna ya kunyonya chuchu ya mpira ili wasikilizishwe sauti ya mama zao, si ya mwanamke mwingine.

Wala wasicheke wasemao, "Sisi twaweka Qur'ani." Simu i juu ya tumbo yasoma Yasin, na mwenye tumbo macho yako kwenye tamthilia! Soma mwenyewe, mwanangu. Ukikwama, kwama, urudie. Qur'ani si dawa ya kuchua.

Nawe mume mwenye hedifoni, jana usiku ulimkaripia nani kwa ajili ya mchuzi? Sauti ile nayo ilipenya. Zirudishe dukani kama risiti ungali nayo, na fedha hizo umnunulie mkeo samaki na matunda.