Kivuko cha Makupa na Silaha Zisizotajwa

Avukaye daraja la Makupa siku hizi huona malori, matatu na kreni za bandari, na aghalabu hana habari kwamba hapa zamani palikuwa na kivuko ambacho, maji yakipwa, mtu aliweza kutoka bara akaingia kisiwani kwa miguu. Mapema mwaka 1589 nahodha wa Kituruki, Mir Ali Bey, aliweka merikebu mbili kivukoni hapa ili kuwazuia Wazimba waliokuwa wamekusanyika ng'ambo. Maadamu mizinga ile ilikuwapo, Wazimba hawakuweza kuvuka. Kisha Wareno, waliotoka Goa kumwandama Mturuki, wakaziteka merikebu hizo. Kivuko kikawa wazi, Wazimba wakavuka, na watu wa Mombasa wakachinjwa kwa ugomvi ambao haukuwa wao.

Walimu wa historia hukieleza kisa hicho kama sehemu ya habari za Wareno. Mimi hukiona kuwa somo letu la kwanza juu ya kile ambacho mataifa makuu yalikuja kukifanya msingi wa usalama wao: kulinda kwa kutisha.

Nadharia yenyewe si ngumu. Adui hazuiliwi kwa kupigwa, bali kwa kujua kwamba akianza yeye, naye ataangamia. Ili ajue hivyo, ni sharti silaha zile zisiweze kuondolewa kwa pigo moja la ghafla, kama zilivyoondolewa merikebu za Makupa. Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Kila upande ulihofu kwamba mabomu yake yangeteketezwa ghalani, ukaongeza mengine ili baadhi yasalie. Mwenzake akayaona hayo mengine kuwa matayarisho ya kushambulia, naye akaongeza. Kufikia 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia vipatavyo 70,000. Mwanzoni mwa 2025 taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria kuwa vimesalia 12,241, karibu tisa katika kila kumi vikiwa vya Urusi na Marekani, huku China ikiwa na 600 hivi na ikizidi kuongeza. Mkataba wa New START wa 2010, ulioyawekea mataifa hayo mawili kikomo cha vichwa 1,550 kila moja kwa silaha zilizo tayari kurushwa mbali, ulipangiwa kwisha Februari 5, 2026, na Urusi ilikuwa imesimamisha ushiriki wake tangu 2023.

Mwanafunzi akipewa tarakimu hizi pekee, atadhani jambo hili ni la Washington na Moscow. Lakini iko njia nyingine ya kuziokoa silaha zisiteketezwe, nayo ni kuzitawanya baharini. Kwa njia hiyo jambo hili limefika Kilindini.

Baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979, na majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan Desemba mwaka huo huo, Marekani ilitafuta mahali pa kutia nanga kandokando ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1980 ilipatana na Oman, Somalia na Kenya. Manowari zake zikawa zikizuru bandari yetu, mabaharia wakishuka na dola zao. Wenye mikahawa na teksi walifurahi, na siwalaumu hata kidogo. Hata hivyo, miaka hiyo manowari nyingi za Marekani ziliweza kubeba silaha za nyuklia, na kanuni ya serikali yake, popote duniani, ilikuwa kutokubali wala kukanusha kwamba meli fulani inazo. Kanuni hiyo ilikuwa sehemu ya vitisho vyenyewe, maana adui hakutakiwa kujua ni meli ipi aihofu. Lakini alichofichwa adui, mwenyeji naye alifichwa. Mji mzima, kuanzia Makupa hadi Likoni, ulishirikishwa katika hatari ambayo hata jina lake halikutajwa.

Ilikuwapo nchi iliyofanya vingine. Februari 1985 New Zealand, chini ya Waziri Mkuu David Lange, iliikataa manowari USS Buchanan kwa sababu Marekani haikutaka kusema imebeba nini. Iliadhibiwa: mwaka 1986 Marekani ilisimamisha wajibu wake wa kuilinda. Yamkini Kenya ya wakati ule isingeistahimili adhabu ya namna hiyo, na hilo nalikubali. Nisilolikubali ni kwamba swali lenyewe halikutuhusu.

Septemba 1991 Rais George Bush, yule baba, alitangaza kuziondoa silaha ndogo za nyuklia katika meli zake, na Gorbachev akamjibu kwa hatua kama hiyo siku chache baadaye. Aprili 11, 1996 Mkataba wa Pelindaba ulitiwa saini mjini Cairo. Jina lake ni la kituo cha utafiti karibu na Pretoria, katika nchi iliyounda mabomu sita ikayavunja yenyewe, kama F. W. de Klerk alivyokiri Machi 1993. Mkataba ulianza kutumika Julai 15, 2009, na Kenya imo. Kifungu chake cha 4 kinakataza kuwekwa kwa silaha hizo katika nchi zetu. Kisha kifungu hicho hicho kinaiachia kila nchi hiari ya kuruhusu meli na ndege za kigeni zizuru. Walioandika walitaka saini nyingi, na walizipata. Lakini kivuko wamekiacha wazi.

Huenda nikaambiwa kwamba hatari ilikwisha mwaka 1991. Mbona basi Bunge la Marekani limekwisha kuagiza kombora jipya la nyuklia la kurushwa kutoka nyambizi, linalokusudiwa kuwa tayari kufikia 2034? Nyambizi nazo hutia nanga bandarini.

Ninalolitaka ni dogo. Serikali ieleze Bungeni, kwa maandishi, jinsi inavyoitumia hiari ya Kifungu cha 4: je, manowari iombayo kuingia Kilindini huulizwa imebeba nini, na isiyojibu hufanywaje? Ikiwa haiulizwi, na tuambiwe hivyo, ili mwalimu wa Makupa anapowafundisha watoto kwamba Afrika ni eneo lisilo na silaha za nyuklia, ajue maneno hayo yanakomea wapi baharini.