Tulihesabu vidole, hatukuangalia mwanga

Wacha nianze na makosa yangu mwenyewe, ndio usije ukanirushia baadaye kwenye komenti.

Likizo ya Aprili msichana mmoja wa hapa kwetu alituma mchoro kwenye grupu yetu ya wachoraji. Alikuwa amemchora nyanyake akichuma majani chai: kikapu mgongoni, karatasi ya plastiki imefungwa kiunoni, uso umeinuka kama mtu aliyeitwa jina ghafla. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kujibu. Sikusema ni nzuri, sikusema ni mbaya. Nilikata kipande cha ile picha, nikakikuza, nikazungushia mkono wa kulia duara jekundu, nikaandika: "Vidole vinne. Hii ni AI gani?"

Na mkono ulikuwa na vidole vinne kweli. Kila mtu mwenye simu anajua hizo programu za kutengeneza picha zimesumbuka na mikono tangu zianze, so nikajiona mpelelezi. Ndani ya dakika kumi kulikuwa na emoji za kucheka zimepangana kama matofali. Mmoja akaandika ati nanyi watu wa upande ule, halafu akaongeza neno ambalo sitalirudia hapa. Msichana aliandika mara moja tu: "Nimechora mimi." Akatoka kwenye grupu.

Kama hujui Chepilat, ni soko lililo kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Keroka na Kisii, pale pale mpakani mwa Bomet na Nyamira. Upande mmoja ni Wakipsigis, upande wa pili ni Wakisii, na majani chai yako pande zote mbili, yanafanana. Wakubwa wetu wanaukumbuka mwanzo wa 2008 kwa moto. Sisi wengi wetu wakati huo tulikuwa tunabebwa mgongoni au hatujazaliwa. Grupu yetu ina watu wa pande zote, na hakuna chifu wala shirika lililotuita tukae pamoja. Tulijuana tu kwa sababu tunachora. Kwa hivyo hilo neno la "upande ule" lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana kwenye skrini, na lilipata mlango kwa duara langu jekundu.

Wiki kama mbili hivi baadaye, siku ya soko, nilisimama kununua ndizi. Mama mzee aliyekuwa anauza akainua uso. Manze, nilimjua kabla sijajua namjuaje. Nikauliza, "Nyanya, hizi ni ngapi?" Akanitajia bei, nikalipa, akanirudishia chenji kwa mkono wa kulia. Vidole vinne.

Baadaye mjukuu wake mwingine, kijana tunayecheza naye mpira, aliniambia kidole kile kilikatwa na panga miaka mingi iliyopita akikata nepia ya ng'ombe. Hakuniambia kwa hasira. Aliniambia tu, halafu akaniuliza kama nataka kuona vile mchoro ulichorwa.

Sasa, kama unatumia ibisPaint unajua inaweza kurekodi kazi yako yote toka mstari wa kwanza, halafu ikuchezee kwa kasi kama filamu. Nilikaa kwenye benchi nje ya duka la M-Pesa nikaangalia. Simu ya kawaida, kioo kimepasuka pembeni, hakuna kalamu ya skrini. Kidole tu. Na nilijifunza kwenye hiyo rekodi kuliko nilivyojifunza kwenye grupu yetu mwaka mzima.

Kitu cha kwanza: hakuanzia kwenye turubai nyeupe. Alimwaga rangi ya kahawia ya katikati kila mahali, halafu kutoka hapo akatafuta giza na mwanga. Sisi wengi tunaanza na nyeupe, tunaweka rangi ya ngozi juu yake, tunaogopa, tunaipunguza, tunaishia na watu wanaofanana na chai ya maziwa mengi. Ukianza na nyeupe kila rangi inaonekana nyeusi mno. Ukianza na kahawia, jicho linatulia.

Cha pili ni vivuli. Hakugusa nyeusi. Aliongeza leya mpya juu ya ngozi, akaifunga kwa klipingi ili rangi isimwagike nje ya uso, akaiweka kwenye modi ya multiplai, ile ambayo rangi ya juu inaitia giza ya chini bila kuifunika, akapaka nyekundu iliyoiva, karibu na zambarau. Nyeusi ukiipaka kwenye ngozi yetu inakuwa masizi. Nyekundu inakuwa damu iliyo chini ya ngozi. Kwenye mfupa wa shavu na paji la uso akaweka samawati kidogo sana, kwa sababu nje, mchana, ngozi nyeusi inang'aa rangi ya anga. Angalia mtu yeyote aliyetoka jasho saa saba utaona.

Lakini iliyonimaliza ni kidevu. Chini ya kidevu cha nyanyake kuna kijani. Sio kingi, opasiti iko chini kabisa, ukitazama haraka hukioni. Ukisimama katikati ya shamba la chai wakati jua liko juu, lile zulia la majani linarudisha mwanga wake kwako kutoka chini, na uso wako unabeba kijani bila wewe kujua. Nimezaliwa kwenye chai. Nimechora watu kwenye chai mara ngapi sijui. Sijawahi kuweka hicho kijani hata siku moja, kwa sababu sijawahi kukiona. Yeye alikiona kwa sababu alikaa akamtazama nyanyake.

Sisi tulihesabu vidole.

So maoni yangu ni haya, na najua kuna wasee hawatayapenda: tuache kutumiana picha zilizokamilika peke yake. Tutumiane leya. Tutumiane ile sura ya kwanza iliyopinda, ile leya uliyoificha kwa aibu, rekodi yenye dakika nzima ya kufuta. Grupu ya wachoraji ambayo watu wanaonyesha tu mwisho ni kama jiko ambalo kila mtu analeta chakula kimefunikwa. Utakula, utasifu, lakini hakuna mtu atajua kupika.

Naona mtu wa kuniambia nazungumza kama mwalimu. Sawa. Lakini niambie, emoji ya moto imewahi kukufundisha nini? Mimi nimechora miaka mitatu nikipewa moto, moto, moto, na hakuna mtu hata mmoja aliniambia kwamba watu wangu wote wana shingo za twiga. Niligundua mwenyewe baada ya kuchora mteja, akanilipa shilingi mia tatu zake, halafu akaikata picha pale kidevuni ndio aiweke profaili. Bado inaniuma. Si mteja aliyekosea, ni shingo.

Na kukaa karibu na anayefanya kazi si jambo la kizungu. Nenda Tabaka, huko Kisii, kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Wanachonga nje, mbele ya watu, vumbi kila mahali. Mmoja anatoa umbo, mwingine anasugua kwa msasa na maji, mtoto anapita anaona kila hatua. (Halafu fikiria kwamba jina la mahali hapo kwa Kiswahili ndilo neno la leya. Sijui kama kuna mtu mwingine linamchekesha.) Ama mwangalie Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na rangi za duka la wasanii wala turubai. Alitumia rangi ya baiskeli juu ya mbao nyembamba za ujenzi, akachora wanyama, na vijana wa ukoo wake wakajifunza kwa kukaa kando yake. Alikufa 1972, miaka minne tu baadaye, lakini wale waliokaa kando yake wakaendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Kama angekuwa anatuma picha iliyoisha na kuzima simu, hiyo kitu ingekufa naye.

Ndio maana pia nimechoka na wale wa "siwezi kuanza bila iPad." Rangi ya baiskeli, ndugu yangu. Unaweza kutengeneza kalamu ya skrini kwa kijiti cha pamba cha masikio ukilowesha kidogo na kukizungushia karatasi ya foili mpaka iguse mkono wako. Inafanya kazi. Kidole chako kikitetemeka, ongeza stabilaiza, mstari utanyooka. Simu ikilia ati leya zimeisha, punguza ukubwa wa turubai au unganisha zile umemalizana nazo. Na ukituma kazi kwa WhatsApp, tuma kama faili ya dokumenti, sio kama picha, la sivyo itabanwa mpaka ule kijani wa kidevuni upotee. Labda ndio maana hata sikuuona siku hiyo. Hapana, hiyo ni kisingizio. Nilikuwa nimekuza mkono.

Kuhusu AI yenyewe. Siipendi, na sijabadilika. Kuna mwenye duka hapa alikuwa ananipa kazi ya mabango, sasa anaandika sentensi mbili kwenye simu anapata bango bure, lenye mtu anatabasamu na meno arobaini. Hiyo ilikuwa pesa yangu ya bando. Agosti 2024 watengenezaji wa Procreate walisema wazi hawataweka AI ya kutengeneza picha ndani ya programu yao, na mimi nilishangilia kama goli, ingawa Procreate ni ya iPad na mimi sina. Kwa hivyo hasira yangu ni ya kweli. Lakini nilimpiga nayo mtu ambaye hakuhusika. Mwenye duka sikumwambia kitu, namsalimia kila asubuhi. Msichana wa sekondari aliyechora kwa kidole siku kumi na moja, huyo ndiye niliyemzungushia duara.

Hapo ndipo nataka tuelewane vizuri, kwa sababu nikisema "tutumiane leya" kuna mtu ataigeuza iwe kitambulisho: leta rekodi ndio tukuamini. Hapana. Tukifika hapo tutakuwa tumejenga kizuizi cha polisi, na sote tunajua kizuizi kinamsumbua nani zaidi. Kuna watu simu zao hazina nafasi ya kuweka rekodi. Kuna watu wanachora kwenye kitabu cha hesabu kwanza halafu wanapiga picha. Kuna watu wanapitisha mstari juu ya picha ya kamera, na hiyo pia ni njia ya kujifunza, bora useme. Leya ni za kufundishana. Anayetaka aonyeshe, na wa kwanza kuonyesha awe yule mwenye mdomo mkubwa. Yaani mimi.

Na ukishuku kitu, uliza kama mtu. "Huu mkono uliuchoraje?" Maneno matatu. Ningeuliza hivyo, angenijibu kuhusu panga na nepia, na sisi wote tungemjua nyanyake. Pia tungejifunza kitu ambacho programu haina: kwamba kuna makosa kwenye picha ambayo si makosa, ni maisha ya mtu. Juzi nilipitia michoro yangu ya wazee. Wote wana vidole kumi, meno yote, hakuna kovu. Nimekuwa nikiwarekebisha watu bila kuambiwa.

Nilimwandikia. Ilinichukua siku tatu kwa sababu kila nikiandika ilikuwa inaonekana kama najitetea. Mwishowe niliandika kwamba nilikosea, kwamba nimemwona nyanyake sokoni, na kwamba kile kijani cha kidevuni ni kitu kizuri zaidi nimewahi kuona kwenye grupu yetu. Tiki za bluu zilikaa siku nzima. Halafu akajibu: "Wewe ndiye wa kwanza kuona kijani." Nikamwomba ruhusa niandike hii, akakubali bila jina lake. Nikamuuliza kama atarudi kwenye grupu. Akasema ana mitihani. Sikusukuma. Yule wa "upande ule" naye nilimpigia simu, tukaongea vibaya, na siku hizi hatusalimiani. Nimewaambia wengine kwenye grupu yote haya, na duara langu bado liko pale juu, sijalifuta.

Rekodi ya kwanza ya kwangu nimeiweka hapo chini. Ni mamangu ameshika kikombe cha chai ya rangi jikoni, taa moja, mwanga kutoka kushoto. Karibu nusu nzima ni mkono. Nimeufuta mara tisa, na kidole cha shahada bado kinaonekana kama soseji. Mwenye kujua nimekosea wapi aniambie.