Kicheko cha Wembley

Tarehe 30 Mei 2016, katika uwanja wa Wembley jijini London, mfanyakazi mmoja mwenye umri wa miaka 34 aliomba kazi mbele ya kamera za televisheni. Jina lake ni Adebayo Akinfenwa. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amefunga penalti katika dakika za nyongeza, bao lililokamilisha ushindi wa 2–0 wa AFC Wimbledon dhidi ya Plymouth Argyle katika fainali ya mchujo, na kuipandisha timu yake kutoka daraja la nne hadi daraja la tatu la soka la Uingereza. Mkataba wake ulikuwa ukingoni. Basi akatamka, jasho halijamkauka, kwamba kwa hesabu za kazi yeye sasa hana ajira, na kocha yeyote anayemhitaji amtafute kwa WhatsApp. Watu wakacheka. Video ikazunguka dunia, nayo dunia ikacheka.

Makala haya yanakipinga kicheko hicho. Sikusudii kumlaumu Akinfenwa, ambaye naye alitabasamu. Waswahili wana neno kwa tabasamu la namna hiyo, huliita kujikaza kisabuni. Ninaowalaumu ni sisi tuliotazama. Mtu aliyetoka kuifanya kazi yake barabara, tena katika siku iliyo kubwa kuliko zote za mwaka wa mwajiri wake, anatangaza kwamba hana kazi, nasi tunaona tumepewa kichekesho. Angelikuwa mwashi aliyemaliza kuezeka shule, au muuguzi aliyetoka zamu, je, tungelicheka?

Tuitazame kazi yenyewe. Akinfenwa alizaliwa London mwaka 1982, mtoto wa familia yenye asili ya Nigeria. Soka la watu wazima aliliendea mbali, katika klabu ya Atlantas nchini Lithuania, ambako majukwaa yalimpokea kwa matusi ya rangi. Akarudi na kujiunga na Barry Town ya Wales, klabu ambayo haikuchukua muda ikazama katika madeni. Katika msimu mmoja tu wa 2003/04 alivaa jezi za klabu nne za Uingereza: Boston United, Leyton Orient, Rushden & Diamonds na Doncaster Rovers. Baadaye zikafuata Torquay, Swansea, Millwall, Northampton, Gillingham, kisha tena Northampton, na tena Gillingham. Akiwa Swansea alifunga bao la ushindi katika fainali ya Kombe la Ligi za Chini mwaka 2006. Akiwa Wimbledon aliifunga Liverpool katika Kombe la FA, Januari 2015. Kufikia mwaka 2022 alipotundika daluga akiwa na Wycombe Wanderers, alikuwa amefunga zaidi ya mabao 200.

Msomaji aisome tena orodha hiyo ya klabu kama anavyosoma wasifu wa mwombaji kazi. Huyu ni kibarua wa msimu. Kila mwaka, mwezi Mei, klabu za madaraja ya chini hutangaza majina ya watakaobaki na majina ya watakaoachwa. Mikataba mingi hufika kikomo tarehe 30 Juni. Kuanzia siku inayofuata mchezaji aliyeachwa anaitwa "huru", na sijapata kuona neno la heshima lililotumika kwa ukatili kama hilo. Ni huru kutafuta nyumba ya kupanga katika mji mwingine, huru kuwahamisha watoto shule, huru kwenda kufanyiwa majaribio na kijana wa kocha msaidizi aliyezaliwa wakati yeye anaanza kucheza.

Sasa nije kwa hoja ninayokusudia kuibomoa. Mwezi uleule wa Mei 2016, tarehe 2, Leicester City walitawazwa mabingwa wa Uingereza, na mshambuliaji wao alikuwa Jamie Vardy. Huyu aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa kuonekana mdogo wa umbo. Akacheza Stocksbridge Park Steels kwa pauni 30 kwa wiki, huku akifanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya kutegemeza viungo vya wagonjwa. Akapita Halifax na Fleetwood, akafika Leicester mwaka 2012, na katika msimu wa ubingwa akafunga mabao 24 ya ligi, yakiwamo yale ya mechi 11 mfululizo yaliyovunja rekodi ya Ruud van Nistelrooy. Ni maisha ya kustaajabisha, wala sina neno baya juu ya mwenyewe.

Neno langu ni juu ya matumizi ya maisha hayo. Tangu siku ile, kila mwenye kipaza sauti cha kuhamasisha vijana amelifanya jina la Vardy kuwa mahubiri: mtazameni, hakukata tamaa, nanyi msikate tamaa. Katika mahubiri hayo umaskini wa madaraja ya chini hugeuka kuwa tanuri la kumkomaza shujaa, na wasiotoka humo huhesabiwa kuwa hawakujituma. Mmoja aliambiwa ni mdogo mno, mwingine akaambiwa ni mkubwa mno. Wote wawili walibisha hodi kwa zaidi ya miaka kumi. Mmoja akafunguliwa mlango, mwingine akabaki barazani, na kila Mei alilazimika kuthibitisha upya kwamba anastahili kuwapo hata hapo barazani. Atakayeniambia kwamba tofauti yao ni juhudi, na anionyeshe mwaka ambao Akinfenwa hakujitahidi.

Hadithi ya aliyenusurika haiwezi kuwa utetezi wa chombo kilichozama. Jahazi likipasuka na baharia mmoja akafika ufukoni, tutamshangilia, naam, lakini hatutamwita fundi wa jahazi tumpongeze kwa ufundi wake.

Na mafundi wa jahazi hili wanajulikana. Kwa miongo mingi soka la Uingereza lilikuwa na desturi ya kugawana. Timu ngeni ilikuwa na fungu lake katika viingilio vya mlangoni, na hadi katikati ya miaka ya 1980 fedha za televisheni za ligi ziligawanywa kwa klabu zote 92 za madaraja manne. Desturi hiyo ilivunjwa nguzo moja baada ya nyingine. Mwaka 1983 ugawanaji wa viingilio vya ligi ukafutwa, kila mwenyeji akabaki na chake. Miaka michache baadaye klabu kubwa, kwa kutishia kujitenga, zikajikatia fungu nono la televisheni. Mwaka 1992 zikajitenga kweli, zikaunda Ligi Kuu, na tangu hapo fedha zake zikawa zake. Majira yaleyale ya joto ya 2016, Akinfenwa alipokuwa akingojea ujumbe katika simu yake, mkataba mpya wa matangazo ya Ligi Kuu ndani ya Uingereza peke yake ulikuwa unaanza, wa thamani ya zaidi ya pauni bilioni 5 kwa miaka mitatu. Madaraja ya chini hupata kiasi kinachoitwa malipo ya mshikamano. Jina ni zuri. Mwenye meza akikudondoshea makombo huku akiyaita mshikamano, amekupunja mara mbili, mkate na maneno.

Mchezaji wa chini anapojaribu kujitetea, tazama kinachompata. Mwaka 2019 wachezaji wa Bury, klabu iliyoasisiwa mwaka 1885, waliipandisha timu yao kutoka daraja la nne wakati mishahara yao ilikuwa ikicheleweshwa na kukosekana. Walifanya kazi bila ujira, wakaifanya vizuri, wakashinda. Agosti mwaka huohuo klabu ikafukuzwa katika ligi kwa sababu ya hali yake ya kifedha, na ushindi wao ukafutika kama maandishi ya mchangani. Mwaka uliofuata, janga la korona lilipokausha mapato, klabu za madaraja ya tatu na ya nne zilipiga kura kuweka ukomo wa mishahara: pauni milioni 2.5 kwa mwaka kwa kikosi cha daraja la tatu, na milioni 1.5 kwa cha daraja la nne. Wamiliki walikopa, wamiliki walicheza kamari na klabu za watu, na dawa iliyopatikana ikawa kufunga mkoba wa mchezaji. Ilibidi chama cha wachezaji, PFA, kiende mbele ya wasuluhishi hadi ukomo huo ukaondolewa Februari 2021. Ni chama kilekile ambacho mwaka 1961, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitishia mgomo hadi kikavunja sheria iliyomzuia mchezaji yeyote kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki. Miaka sitini imepita, na dhana haijabadilika sana: pakiwa na shida, anayetoa jasho ndiye apunguziwe.

Najua jibu litakalotolewa. Litasema kwamba soko huamua, kwamba watu hulipia kumwona Vardy na hawalipii kumwona mshambuliaji wa Gillingham, na kwamba mtu hakulazimishwa kucheza mpira. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo naikubali: anayefunga katika mechi kumi na moja mfululizo dhidi ya walinzi bora wa dunia alipwe zaidi. Mimi sidai mishahara sawa. Nauliza, Vardy huyo alitoka wapi? Waliomwokota baada ya Sheffield Wednesday kumtupa ni Stocksbridge, Halifax na Fleetwood. Soko lililomtupa ndilo lililokuja kumvuna. Klabu za chini ni shamba la mbegu, na shamba halilipwi kwa kuwa mbegu nyingi hazikuota. Anayekula mavuno hana budi kulihudumia shamba lote, lenye mche uliostawi na lenye mche uliokauka.

Wala jambo hili si la Waingereza pekee. Ada tunazolipia ving'amuzi, na shilingi tunazotoa kuingia katika vibanda umiza kutoka Mombasa hadi Mbeya, huingia katika mto uleule wa fedha unaoishia kwa klabu 20. Pamoja na mechi, tunapokea pia itikadi yake. Vijana ninaowafundisha wanahitimu na kuzunguka mwaka mzima na bahasha, kisha wanaambiwa na watu wenye ajira za kudumu kwamba tatizo lao ni kukosa moyo wa Vardy. Kijana akishindwa anajilaumu, na aliyeupanga mfumo analala usingizi. Ndiyo maana kicheko kile kinaniudhi. Kinatuzoesha kuiona dhiki ya mwenye kazi ya msimu kama mzaha, ili siku dhiki hiyo ikitufika nasi tuone haya kuisema kwa uso mkavu.

Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, mwenye mamlaka ya kuzipa klabu leseni, kuwachunguza wamiliki, na kuingilia mgawanyo wa fedha kati ya Ligi Kuu na madaraja ya chini pale pande hizo zinaposhindwa kuelewana. Ni hatua, na iliwagharimu mashabiki wa Bury machozi mengi. Lakini shabaha yake kuu ni uhai wa klabu. Anayezichezea klabu hizo anahitaji mambo matatu zaidi, na wala si ya anasa: mishahara ya msimu mzima iwekwe katika mfuko wa amana kabla mpira wa kwanza haujapigwa, aliyeitumikia klabu kwa misimu miwili mfululizo apewe taarifa ya kuachwa mapema, si wiki ya mwisho, na fungu la madaraja ya chini katika fedha za televisheni liwe haki iliyoandikwa, lisiwe hisani ya mwenye meza.

Mapendekezo haya hayatamfanya mshambuliaji wa daraja la nne kuwa tajiri. Yatamfanya awe mfanyakazi kama wafanyakazi wengine, anayejua mwezi Mei atakula nini mwezi Julai. Akinfenwa alipata klabu kiangazi kile, Wycombe, na mwaka 2020 akapanda nayo hadi daraja la pili akiwa na miaka 38. Wahamasishaji wataikamata sehemu hiyo pia na kuigeuza wimbo. Waulizeni kwanza kuhusu wale wengine walioachwa Mei ileile, ambao simu zao hazikuita, na ambao hakuna aliyewaelekezea kamera.