Mlima Usio na Geti

"Kupanda mlima ni mambo ya wazungu." Maneno haya husemwa kwa kicheko, na mara nyingi hayapingwi. Picha inayokuja kichwani ni ya mgeni mwenye taa kwenye paji la uso na fimbo mbili mikononi, anayeondoka kambini Kibo, Kilimanjaro, usiku wa manane ili jua limkute kileleni, mita 5,895. Huyo ndiye mpanda mlima. Mwenzetu akionekana peke yake kwenye mgongo wa mlima saa kumi na moja alfajiri, tunauliza kapotelewa na nini. Ukiitaja wilaya ya Ngara, mpakani na Burundi, katika mazungumzo hayo utaambiwa kule kuna vilima tu. Imani hii haina miguu, na ubaya wake hauishii kwenye kicheko, maana imeingia hadi kwenye hesabu za maendeleo.

Tuanze na urefu. Ardhi ya Ngara inainuka kutoka mita 1,200 hivi kwenye mabonde ya mito ya Kagera na Ruvubu hadi kama mita 1,800 kwenye migongo ya milima. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, ambao watu hufunga safari kwenda kuupanda, una mita 1,345. Kwa kipimo hicho muuza duka wa Ngara mjini amekaa juu kuliko kilele cha Uingereza nzima. Lakini ushindi wa namna hiyo ni wa ujanja, siutaki. Safari ya Ben Nevis huanzia karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo mpandaji anazilipa mita zile karibu zote, ilhali muuza duka wetu hajapanda kitu. Kimo cha kutoka baharini ni habari ya ramani. Mguu unajua tofauti kati ya bonde ulikotoka na mgongo unakokwenda, na kwa wakazi wa Ngara, Wahangaza na Washubi, tofauti hiyo ndiyo maisha, kwa sababu nyumba na migomba mingi viko juu, na maji yako chini. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, mlima ni ngazi ya utawala kabisa: mtu akiulizwa kwao hutaja mlima wake, kama wa Dar es Salaam anavyotaja mtaa.

Sasa mtazame anayepanda. Kwenye kaya ambayo bomba halijaifikia, mama au binti anashuka gizani umande ukiwa bado mzito, anajaza dumu la lita 20, anaziba mdomo wa dumu kwa jani la mgomba lililosokotwa, anaweka ngata kichwani na kugeuka. Njia ni ya udongo mwekundu. Ikinyesha usiku, asubuhi ni utelezi mtupu. Basi hapandi wima, anaukata mteremko mshazari, vidole vya mguu vikishika kwanza na kisigino kikifuata, shingo haigeuki. Lita 20 za maji ni kilo 20. Kwenye malango ya Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani, na ukomo wake ni kilo 20 zilezile. Ila kule kuna mizani, kuna kanuni, na mwisho wa safari kuna ujira.

Nitajibiwa kwamba huyo hapandi, anatumwa na shida. Mpanda mlima ni yule aliyeamua mwenyewe. Tofauti ya nia ipo, siikatai. Lakini tukiifanya hiyo kuwa ndiyo mizani, tutalazimika kusema kwamba wapagazi wa Kilimanjaro nao hawajawahi kuupanda, kwa kuwa wanafuata mshahara. Hivyo ndivyo historia ilivyoandikwa. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, na vitabu vikawahesabu hao wawili. Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa nao kwenye kambi ya juu kwenye baridi ile, amebaki jina la pembeni. Nia inaweza kutofautisha burudani na kazi. Mapafu na magoti hayaijui.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Kupanda peke yako kabla hakujapambazuka ni hatari, na Kilimanjaro yenyewe hairuhusu mgeni apande bila mwongozaji. Upande wa wilaya jirani ya Biharamulo hofu ina historia yake: kuliwahi kuwa na wakati ambapo mabasi yalipita maporini yakisindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya utekaji, na sehemu ya mapori hayo, tangu 2019, ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, makazi ya wanyama wasiobisha hodi. Nakubali yote. Ninachouliza ni kwa nini onyo hili analipata mwenye viatu vya kupandia, na binti mwenye dumu hajawahi kuulizwa mwongozaji wake yuko wapi.

Hatuulizi kwa sababu hatuoni kwamba anapanda, na upofu huo umeandikwa hadi kwenye sera. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la kituo cha maji kisichozidi mita 400 kutoka kwenye kaya. Mita 400 za kulala au za kusimama? Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliwaachia wapanda milima kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi za tambarare, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hesabu yake, mita 400 za tambarare ni dakika 5. Zikiwa na mwinuko wa mita 100 ni dakika 15, na Naismith hakuwa na dumu kichwani. Mkakati wa taifa wa kupunguza umaskini wa 2005, MKUKUTA, ulikaribia ukweli zaidi, kwa kuwa ulihesabu dakika 30 za kuteka maji badala ya umbali. Wahandisi wa wilaya wanaweza kwenda hatua moja mbele, waandike mwinuko wa kila kituo pamoja na umbali wake. Kifaa cha kupimia tayari wanacho kwenye simu zao. Kinachohitajika ni mtu ashuke nacho hadi chemchemini, halafu apande.